Mwalimu Nyerere na maji ambayo Daudi hakuyanywa



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli kuna habari fupi ambayo wengi wetu tunaipita haraka. Mfalme Daudi yuko vitani. Ana kiu, na anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wa kwao, ambao wakati huo umeshikwa na Wafilisti. Mashujaa wake watatu wanapenya katikati ya kambi ya adui, wanachota maji na kumletea. Daudi anakataa kuyanywa, na anayamimina chini mbele za Bwana. Maji yale hayakuwa na sumu. Aliyakataa kwa sababu ndani yake aliona damu ya watu waliohatarisha maisha yao ili yeye aburudike.

Dominika hii nataka nikusimulie maisha ya Mtanzania aliyeyaelewa maji hayo. Unamjua. Wewe unayeishi hapa Dodoma unaishi katika mji ambao uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa wakati wa uongozi wake, mwaka 1973. Ukumbi wa Chimwaga, ambao leo uko ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ulikuwa ukumbi wa mikutano mikuu ya Chama, na mwaka 1995 alikuwapo pale Chama kilipomchagua mgombea wake wa urais. Tunamwita Baba wa Taifa, na tangu mwaka 2005, Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, tunamwita pia Mtumishi wa Mungu. Lakini upande mmoja wa maisha yake hausimuliwi sana makanisani: Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtu wa kususia.

Nasimulia habari hii kwa sababu swali lake limerudi, na safari hii linatuelekea sisi. Miaka ya karibuni wamekuwapo watu ng'ambo wanaowaambia wenzao wasije kutalii Tanzania, kwa sababu ya yale yaliyowapata wafugaji wa Kimaasai huko Loliondo na Ngorongoro. Baadhi yetu tumekasirika. Wengine wameuliza kama ni haki kumnyima kijana wa Karatu au Arusha mkate wake kwa jambo ambalo yeye hakulitenda. Ni swali zuri. Kabla hujalijibu, msikilize kwanza Mwalimu kwa njia ya maisha yake.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, kisha akaenda Tabora. Desemba 1943 alibatizwa. Alisoma Makerere, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na kufundisha Pugu. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa. Mwaka uliofuata aliacha ualimu, akiwa tayari ana mke na mtoto. Ukitaka kuelewa yote yaliyofuata, lishike hilo. Kitu cha kwanza ambacho mtu huyu alikiacha kwa ajili ya dhamiri yake kilikuwa mshahara wake mwenyewe.

Tarehe 26 Juni 1959 alikuwa London. Katika ukumbi wa Holborn watu walikutana kuwaomba Waingereza waache kununua bidhaa za Afrika Kusini. Nyerere alikuwa mmoja wa wasemaji wakuu, pamoja na Padre Trevor Huddleston wa Kanisa la Anglikana, ambaye mwaka uliofuata alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Mtu ambaye nchi yake haijapata uhuru alisimama katika mji wa watawala wake kuwatetea watu wa nchi nyingine. Hakuwaomba wasikilizaji wake washike silaha. Aliwaomba waangalie kikapu chao cha sokoni: machungwa, mvinyo, sigara. Mama wa Kiingereza aliyenunua chungwa la Afrika Kusini hakuwa na nia mbaya, lakini fedha yake ilikuwa inalipa gharama za serikali iliyomfanya mtu mweusi kuwa mgeni katika nchi yake.

Hapo hapo lilizuka pingamizi ambalo tunalisikia hata leo. Ukisusia machungwa, nani ataumia kwanza kama si mchumaji mweusi wa machungwa? Pingamizi hilo lilikuwa na jibu. Waliokuwa wakiomba bidhaa zisusiwe walikuwa Waafrika wenyewe wa Afrika Kusini, chini ya Chifu Albert Luthuli, Mkristo ambaye baadaye alipewa Nobeli ya Amani ya mwaka 1960. Mwezi ule ule wao walikuwa wakisusia viazi, kwa sababu ya mateso ya vibarua katika mashamba ya viazi. Hii ni tofauti kubwa, ndugu yangu. Si vema mtu aliyeshiba, aliye mbali, amwamulie mwenye njaa namna ya kuteseka kwa ajili ya haki. Lakini mwenye njaa mwenyewe akikuambia kwamba yuko tayari kubeba mzigo huo na anakuomba tu usimtilie mafuta mtesi wake, utakataaje kwa kisingizio cha kumhurumia?

Tarehe 21 Machi 1960, polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 huko Sharpeville. Machi mwaka uliofuata Nyerere aliandika katika gazeti la Uingereza kwamba Tanganyika huru isingeweza kukaa katika Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini ya ubaguzi. Siku chache baadaye Afrika Kusini ilijiondoa yenyewe. Si kwamba barua ya mtu mmoja iliitoa, kwa maana wengi walikuwa wamesimama upande huo. Ila fikiri nchi maskini kama yetu, iliyokuwa haijapata hata bendera yake, kuweka kiti chake mezani rehani kwa ajili ya jirani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, gharama ilianza kulipwa nyumbani. Wazee wa Mbeya na Rungwe wanakumbuka jinsi vijana wao walivyokuwa wakichukuliwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na kurudi na blanketi, baiskeli na fedha za mahari. Serikali ya Nyerere ilifunga mlango huo. Mwaka 1963 nchi za Afrika ziliungana Addis Ababa, na Kamati ya Ukombozi ikaweka makao yake Dar es Salaam. Ndege za Afrika Kusini hazikuruhusiwa kutua kwetu, na pasi ya Mtanzania haikuwa ya kwendea kule. Hata starehe ya kusafiri ilipimwa. Ufuo mzuri ambao mtu mweusi haruhusiwi kuoga ulihesabiwa kuwa si mahali pa kupumzikia.

Nasi wa nyanda hizi za kati hatukuwa watazamaji tu. Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro, ukafika Mbande na kuacha barabara kuu, utafika Kongwa. Waingereza walijaribu kulima karanga pale baada ya Vita Kuu ya Pili, wakashindwa. Kuanzia miaka ya 1960 ardhi hiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO, SWAPO, MPLA na ZAPU. Wagogo wa Kongwa, ambao ukame haujawahi kuwaonea haya, waligawana nao maji na mahindi. Wengine waliwaoza binti zao. Yako makaburi pale ya vijana ambao hawakurudi kwao. Kususia kwa kweli kuna mikono miwili. Mkono mmoja unakataa kumpa mtesi, mkono mwingine unampa aliyeteswa. Mwenye kutumia mkono wa kwanza peke yake bado hajamaliza kazi.

Desemba 1965 ulikuja mtihani mwingine. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao bila ridhaa ya Waafrika walio wengi, na nchi za Afrika zilikubaliana kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kama haitawazuia. Siku ilipofika, nchi nyingi zilikaa kimya. Tanzania ilivunja uhusiano, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliotarajiwa kutoka Uingereza ukazuiliwa. Hizo zilikuwa barabara na visima ambavyo babu zako hawakuvipata kwa wakati. Lakini tazama pia kiasi cha hatua ile. Hakutoka katika Jumuiya ya Madola na hakuwafukuza walimu na wamisionari wa Kiingereza. Mwaka 1968 uhusiano ulirejeshwa. Alisusia tendo, hakususia taifa zima la watu milele.

Kuna watu waliosema kwamba ni rahisi kuwasusia Wazungu. Hapo ndipo maisha ya Mwalimu yanapokuwa na uzito. Januari 1971 Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda, Nyerere alikataa kumtambua. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walikwenda kukutana Kampala na kumkabidhi Amin uenyekiti wa umoja wao. Tanzania haikwenda, wala Zambia, wala Botswana. Mwalimu aliona kwamba damu ya Mwafrika inayomwagwa na Mwafrika si nyepesi kuliko ile inayomwagwa na kaburu, na kwamba mtu anayemlaani mtesi wa mbali na kumkumbatia wa jirani amejifanya mwenye haki kwa bei rahisi. Manabii walikuwa hivyo. Amosi anaanza kwa kuyakaripia mataifa jirani, na bila shaka wasikilizaji wake walishangilia, mpaka alipofika kwa Israeli yenyewe, waliomuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu.

Mwaka 1976 gharama ilimwangukia kijana mmoja. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa akingojewa na dunia nzima Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, New Zealand haikuondolewa katika Olimpiki, na Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo hiyo. Mbio ile haikukimbiwa tena. Tukisifu uamuzi ule, tusisahau kwamba serikali iliamua, na miguu ya mtu mwingine ndiyo iliyolipa.

Miaka minne baadaye mambo yaligeuka. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limeingia Afghanistan, na Marekani ikataka Olimpiki ya Moscow isusiwe. Ilimtuma Muhammad Ali, bondia aliyependwa mno Afrika, kuja kutushawishi. Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania ikaenda Moscow, ambako Bayi na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha. Watanzania walisema kwamba Marekani haikuwa upande wetu mwaka 1976. Wewe unaonaje? Ukiniuliza mimi, naona sababu ile ilielezeka kibinadamu, lakini haikumfaa kitu Mwafghani aliyevamiwa. Dhambi ya wenzetu ya kuchagua cha kukasirikia haifuti ya kwetu. Hakuna taifa linalosusia kwa mizani iliyo sawa kabisa, na kulikubali hilo ni mwanzo wa unyenyekevu.

Alipokuwa mzee, nje ya madaraka, Mungu alimpa mtihani mgumu kuliko yote. Julai 1996 kulitokea mapinduzi Burundi, na viongozi wa kanda yetu walikutana Arusha na kuiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara. Mwalimu, aliyekuwa msuluhishi, aliviunga mkono. Lakini bei zilipanda sokoni Bujumbura na vijijini, na walioumia hawakuwa majenerali. Aprili 1997 vikwazo vilipunguzwa, vyakula, dawa na vifaa vya shule vikaruhusiwa, na Januari 1999 vikasimamishwa wakati mazungumzo ya Arusha yakiendelea. Kususia kunakomfikia mtoto mgonjwa kabla ya kumfikia mwenye bunduki kunapaswa kuchunguzwa tena, na hakuna aibu kukilegeza. Kuna aibu kukiendeleza kwa sababu tu tumekwisha kukitangaza.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kabla ya hapo Mungu alimjalia kuona Afrika Kusini ikipiga kura mwaka 1994, na mwaka 1997 alihutubia Bunge la nchi hiyo, mgeni wa watu huru. Ilikuwa imepita miaka 38 tangu jioni ile ya London.

Sasa, msomaji wangu, nisingekutendea haki kama ningeishia hapo. Serikali yake ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi mwaka 1962. Na hapa kwetu wazee wa Kigogo hawahitaji kitabu kuwaambia Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikuwa nini, na jinsi kaya zilivyohamishwa kuingia vijijini, wengine bila hiari, wakiacha matembe yao na malisho yao. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Lakini mtu aliyeutetea utu wa mchumaji wa machungwa wa mbali alitawala wakati ambapo Mgogo alihamishwa bila kuulizwa vya kutosha. Kanisa linapochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu halitafuti mtu asiye na doa. Linatafuta mtu ambaye neema ilifanya kazi ndani yake, na linaweka yote mezani.

Na hapa ndipo swali la Loliondo linapotukuta. Juni 2022 uwekaji wa mipaka kule uliishia katika vurugu, askari polisi mmoja akauawa na wananchi wengi wakajeruhiwa. Kutoka Ngorongoro maelfu wamehamia Msomera, Handeni, wengine wakisema wamekwenda kwa hiari na wengine wakisema wamebanwa. Mtalii wa Ulaya anaposita kuja, tusikimbilie kusema kwamba anatuonea wivu. Sisi ndio tuliowaambia Waingereza kwamba mnunuzi ana sehemu katika dhambi ya muuzaji. Kama kanuni ile ilikuwa kweli Holborn, ni kweli pia Serengeti.

Lakini pia tunayo haki ya kumpima yeye kwa maisha ya Mwalimu. Je, amewasikiliza Wamaasai wenyewe wanaomba nini, au anasema kwa niaba yao? Je, kususia kwake kunamgharimu yeye, au kunamgharimu tu mpishi na mbeba mizigo wa Kilimanjaro? Je, amechagua kipi cha kuacha, au ameitupa nchi nzima? Huenda njia bora kwake si kukaa nyumbani, bali kuja na kuuliza, kulala kwenye nyumba za wageni za wenyeji, kulipa anayestahili kulipwa, na kukataa kampuni inayofaidi ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu. Na kama wenyeji wakimwomba asije kabisa, basi awasikilize.

Na wewe je? Usidhani habari hii ni ya wenye ndege. Kwaya yako inakwenda Bagamoyo kwa hija. Jumuiya yako inakodi basi kwenda mbugani Mikumi. Unatafuta ukumbi wa harusi ya binti yako. Uliza dereva analala saa ngapi. Uliza binti anayeosha vyombo pale hotelini analipwa lini, na kama yuko salama usiku. Ukigundua kwamba unafuu wako umetoka jasho ambalo halikulipwa, kwanza zungumza na mwenye mali, maana Bwana alitufundisha kumwendea ndugu anayekosa kabla ya kumwacha. Akikataa kusikia, peleka fedha yako kwingine, na umwambie kwa nini. Kisha tumia mkono wa pili: msaidie yule binti apate mahali pengine pa kazi.

Wahenga wanatuonya kwamba ukisusa, wenzio twala. Ni kweli kwa mtoto anayenuna mbele ya sahani. Lakini nabii Isaya anatufundisha kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni ule unaofungua minyororo ya mtu mwingine. Kususa kwa hasira huisha hasira inapoisha. Kufunga kwa upendo hudumu mpaka mnyororo ukatike, kama Mwalimu alivyodumu kuanzia 1959 hadi 1994.

Wiki hii jaribu jambo moja tu. Chagua kitu kimoja unachokinunua kila siku, ufuatilie kimepitia mikono ya nani, na mikono hiyo imelipwaje. Utakachokiona, kiweke katika sala yako ya jioni, kisha amua.

Bwana atujalie macho ya kuona, na moyo wa kutopenda burudani inayomliza mwingine. Nakutakia Dominika njema.